Jumatano Isiyokuwa ya Leo

Mwasiti hakuwa mtu wa kumeza kila anacholishwa. Alimaliza darasa la saba pale Ujiji, akaolewa, akazaa, akauza mawese miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuzia dumu lenye maji chini akafanikiwa. Ndiyo maana kilichompata ni vyema kisimuliwe. Kama yeye kimempata, wewe unayejiona mjanja ujiulize mara mbili.

Mambo yalianza mumewe, Khalfani, fundi cherehani wa pale sokoni, aliporudi kutoka Mwanga amebeba TV mpya kwenye boksi refu. TV yenyewe nyembamba kama sinia. Akaitundika ukutani, akawasha intaneti ya simu yake, picha zikaja bila waya wowote.

"Sasa kebo ya nini tena?" akasema. "Humu unaita unachotaka, saa unayotaka. Mpira upo, taarabu ipo, mawaidha yapo. Hungojei mtu akupangie."

"Na taarifa ya habari?"

"Ipo! Ukitaka habari saa tisa mchana, unapata."

Mwasiti akaona ni sawa. Kesho yake akaja Alphonce na ngazi yake. Alphonce ndiye aliyekuwa anasambaza waya wa kebo nyumba kwa nyumba mtaani, na zaidi ya chaneli zote za watu alikuwa na ya kwake mwenyewe, ya matangazo. Maandishi makubwa yanapita polepole: msiba kwa fulani, mkutano wa shule, mbuzi mwekundu amepotea. Kila jioni ilipita hali ya ziwa. Hiyo aliifuata bandarini kwa miguu yake, akainakili kwa mkono kutoka kwenye ubao wa matangazo wa pale.

"Kwa hiyo mama Hasna umenihama," akasema akiwa juu ya ngazi, anaviringisha waya mkononi.

"Sikuhami wewe, nahama waya wako. Mvua ikinyesha tunaangalia chenga."

"Haya, nendeni huko mawinguni. Ila ujue huu waya hauishii kwako. Elikana naye anakula hapa hapa. Usidhani sijui."

Mwasiti akacheka. Elikana alikuwa mpangaji wao wa chumba cha uani, Muha wa Kagunga, nahodha wa boti ya mizigo na abiria. Kuna kipande cha waya kilichotoka dirishani kwa Mwasiti kikaingia kwa Elikana, na Alphonce alikuwa anakiona miaka yote akafumba macho.

"Elikana asikutie wasiwasi," Mwasiti akajibu. "Nikipata mimi, amepata yeye."

Alisema hivyo huku anachagua mchele, wala hakunyanyua uso.

Siku hizo Hasna, binti yake wa kwanza, alikuwa nyumbani. Alikuja kujifungulia kwa mama kama ilivyo ada ya uzazi wa kwanza, akakaa ndani mpaka arobaini ikaisha. Mtoto wa kike, Shadia, ambaye Mwasiti alimwita mke mwenza na kumsingizia kila siku kwamba anataka kumnyang'anya Khalfani. Arobaini ilipopita, Kassimu, mume wa Hasna, akaanza kupiga simu kutoka Kagunga asubuhi na jioni. Amechoka kula kwa majirani. Anataka kumwona mwanawe. Na kwenda Kagunga njia ni ziwa.

Mume anaweza kupiga simu mpaka salio liishe, lakini siku ya kumrudisha mzazi anaipanga mama yake. Ulikuwa mwezi wa nane, na mwezi wa nane Tanganyika haina adabu. Mwasiti akasema mbele ya watu wote: "Simtoi mwanangu na kichanga mpaka nijue ziwa limelala."

Jumanne jioni, karibu na Isha, akakaa mbele ya TV mpya. Akaisogeza rimoti mdomoni kama Khalfani alivyomfundisha, akaita: "Hali ya hewa, Ziwa Tanganyika."

TV ikaleta msururu wa picha. Ya kwanza kabisa alikuwa yule dada wa hali ya hewa anayemjua, ushungi wake uleule, ramani ileile nyuma yake. Chini ya picha palikuwa na maandishi madogo ya Kizungu, kwa sababu TV nzima ilikuwa ya Kizungu tangu itoke kwenye boksi na hakuna aliyejua kuibadilisha. Mwasiti akabonyeza.

"Kwa kesho Jumatano," dada akasema, "Ziwa Tanganyika linatarajiwa kuwa na upepo hafifu na mawimbi madogo..."

Mwasiti akapiga makofi. "Hasna! Kesho Jumatano kumetulia. Funga mizigo!"

Dada wa kwenye TV alikuwa hajamaliza. Lakini Khalfani alikuwa amevaa kofia yake, akatia simu mfukoni, akatoka kwenda msikitini, na simu hiyo ndiyo iliyobeba intaneti ya nyumba nzima. Kioo kikaganda. Kiduara kikaanza kuzunguka. Mwasiti akazima TV. Alichokitaka alikuwa ameshakisikia.

Hapa ndipo pa kushika. Kebo ilikuwa na kasoro zake, lakini taarifa ya habari ya saa mbili ya Jumanne ilikuwa ya Jumanne. Ukimwona mtangazaji anasema kesho, ni kesho yako na yake. Watu wamekaa na mazoea hayo tangu wajue TV. Halafu unawapa TV nyingine ambayo imeweka kila kitu pamoja, cha leo na cha mwaka juzi, kama nguo mpya na mitumba kwenye kamba moja, na zote zimepigwa pasi.

Asubuhi Elikana akapiga hodi mlango wa nyuma, akaamkia kwa Kiha. "Mwakeye, mama."

"Mwakeye, baba."

"TV imesemaje?"

"Upepo hafifu, mawimbi madogo. Jumatano. Kaitamka kwa mdomo wake."

Elikana hakuondoka. Alikuwa mtu wa maneno machache na akitaka kukataa hukuna shingo. Akakuna shingo. "Jana jioni upande wa Kongo nilipaona pamechafuka. Nilitaka nipitie Kibirizi kwanza, wanakofunga boti, niwasikilize wenzangu."

"Ukipitia Kibirizi utakaa saa nzima unapiga soga, na mtoto anapigwa na jua. Kati yako na wale wa hali ya hewa nani ana mashine ya kupimia? Nyoosha moja kwa moja."

"Haya mama," Elikana akasema. "Wewe ndiye uliyeona."

Kule ufukoni, Hasna naye alisita, mguu mmoja majini, mtoto kifuani ndani ya khanga mbili. "Mama, si tungengoja Ijumaa ipite?"

"Ningekutoa kama moyo wangu una wasiwasi? Panda, mwanangu. Kassimu anakungoja."

Hasna akapanda. Boti ya bluu ilikuwa na abiria kumi na wanne, mifuko ya saruji katikati, magodoro juu ya saruji. Saa mbili kamili ikang'oa nanga, ikaelekea rasi ya Bangwe, na maji yalikuwa yametulia kama yamemwagiwa mafuta. Mwasiti akapunga mkono mpaka asiione tena, akarudi nyumbani amefurahi.

Saa nne Khalfani akaja kunywa chai. Simu yake ilipoingia ndani, intaneti ikaingia nayo. Mwasiti akawasha TV. Hakuwa na shaka yoyote, alitaka tu kusikia tena yale maneno ya upepo hafifu ili moyo wake ukae. Picha ya yule dada ilikuwa bado ipo pale mbele, na chini yake mstari mwekundu unaoonyesha alipoishia. Akabonyeza, dada akaendelea.

"...mawimbi madogo yasiyozidi nusu mita. Na kwa niaba ya wenzangu wote, niwatakie Waislamu maandalizi mema ya Sikukuu ya Idd el-Fitri."

Khalfani akacheka, kikombe mkononi. "Huyu naye! Idd gani sasa? Si tulishakula pilau?"

Mwasiti hakucheka. Alibaki ameshika rimoti. Idd anaijua, kapika mwenyewe, imepita miezi na miezi.

"Khalfani. Soma hapo chini. Pameandikwa nini?"

Khalfani akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Kizungu chake kilikuwa cha kusoma lebo za vitambaa. Akasoma kwa kidole, mara ya kwanza kimyakimya, mara ya pili akahesabu kitu. Akaweka kikombe chini.

"Hii ni ya miaka miwili iliyopita."

"Kasema Jumatano!"

"Jumatano ya miaka miwili iliyopita, mama Hasna."

Mwasiti akanyakua simu. Ya Hasna ikaita mara moja, ikakatika. Akapiga tena, haipatikani. Ya Elikana haipatikani. Ya Hasna, haipatikani. Kule mbele milima imeusimamia ufuko kama ukuta, na mtandao unapatikana pale unapopenda wenyewe.

Mabati yakagonga mara moja juu ya nyumba. Upepo mdogo tu. Wote wawili wakatazama dari.

"Mpigie Yunisi," Khalfani akasema.

Yunisi alikuwa mwenzake Mwasiti katika biashara, Muha wa Kalinzi aliyehamia Kibirizi kununua dagaa, sauti yake ya kusikika mwalo mzima wa wavuvi. Akapokea kwa kelele kama kawaida yake. "Mama mzaa! Mke mwenza ameondoka?"

"Yunisi, boti ya Elikana umeiona?"

"Ile ya bluu? Imepita huko mbali saa tatu na nusu. Tumeshangaa! Nikasema huyu Elikana leo ana wazimu gani? Huku boti zote zimefungwa, mabaharia wanacheza karata. Bandarini wamekataza tangu jana. Na kebo ilipitisha jioni, maandishi mekundu kabisa. Hamkuona?"

Mwasiti akageuka kuitazama TV.

"Mama Hasna? Uko?"

"Hasna yumo. Na mtoto."

"Mawe!" Yunisi akamwita mama yake kwa Kiha, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane sauti yake ikashuka. "Mawe we. Ngoja. Ngoja kwanza. Saa tatu na nusu hapa... na mzigo ule... Mtanga hawajafika. Au ndiyo wanafika sasa. Ni Mtanga hapo, mama Hasna. Wakipita Mtanga wanaingia kwenye ufuko wa Gombe, huko mawe na msitu, upepo ukiwakuta hapo..." Hakumaliza. "Dada yangu yupo Mtanga. Skolastika. Anaanika dagaa pale pale mchangani. Nampigia."

"Mwambie ampungie! Apunge khanga!"

Maana kila mtu wa ziwa anajua hilo. Boti za abiria hazina kituo. Ukitaka kupanda, unasimama mchangani unapunga nguo, na nahodha akikuona anageuza pua ya boti kukufuata.

"Atapunga. Ila boti imejaa, mama Hasna. Abiria mmoja Elikana hatamgeukia."

Ni kweli, na Mwasiti alilijua hilo kuliko Yunisi. Elikana alikuwa mpangaji wake mwaka wa tano. Ameshamsikia mara ngapi akisema kwamba kuigeuza boti iliyojaa kwa ajili ya mtu mmoja ni kuchoma mafuta bure? Akafumba macho, akamwona Elikana usukani anakuna shingo.

"Wasimame wengi," akasema. "Yunisi, sikiliza. Awaite wote wanaoanika dagaa. Wasimame na mizigo, magunia, masanduku, waonekane wanasafiri. Wawe kumi. Watoto wabebwe mgongoni. Wapunge wote pamoja."

"Nimekuelewa." Simu ikakatika.

Hapo tena ikabaki kungoja, na kungoja kwenye jambo kama hilo usimwombee hata adui yako. Mwasiti alitoka nje, akarudi ndani. Alikaa, akasimama. Khalfani akaizima ile TV, maana yule dada alikuwa ameanza upya peke yake kutangaza upepo hafifu.

Simu ikaita. Yunisi. "Skolastika hapokei. Simu yake nadhani iko dukani inachajiwa. Napiga kwa mwenye duka." Ikakatika tena.

Mabati yakaanza kugonga mfululizo. Sasa haikuwa tena kama kubisha hodi. Vumbi likanyanyuka uani, nguo za mtoto zilizobaki kwenye kamba zikajifunga kamba shingoni. Mwasiti akatoka bila viatu, akashuka kuelekea ufukoni, Khalfani nyuma yake na simu mkononi. Walipofika pale pale aliposimama asubuhi, maji yalikuwa yamebadilika rangi. Mbali kule ziwa lilikuwa jeupe, jeupe mistari mistari, na mistari yote ilikuwa inaelekea kaskazini, alikoelekea Hasna.

"Mimi ndiye niliyekata kebo," Khalfani akasema.

"Kebo haikumwambia Elikana asipitie Kibirizi," Mwasiti akajibu. "Nimemwambia mimi."

Khalfani akasogea karibu. Akamshika bega. Wakasimama hivyo, upepo unawapiga mgongoni, na Mwasiti akawa anahesabu abiria aliowaona wakipanda. Mama mwenye kuku wawili. Vijana watatu wa Kagunga waliokuwa wanamtania Elikana kwamba boti yake ni kobe. Mzee aliyeombewa nafasi karibu na injini kwa sababu ya baridi. Alikuwa akifika wa kumi na tatu anakataa kumhesabu wa kumi na nne.

Simu ikaita. Khalfani akaipokea, akasikiliza, akampa.

"Wamegeuka." Yunisi alikuwa anahema kama yeye ndiye aliyekimbia. "Skolastika amepatikana. Wamesimama wanawake wanane na magunia ya dagaa kichwani, mmoja kabeba mlango! Elikana amewaona, amegeuka. Lakini mama Hasna, upepo umewakuta wakiwa wanageuka. Wako ubavu kwa mawimbi. Skolastika anawaona. Hebu nisikie..."

Mwasiti akasikia simu nyingine upande wa Yunisi, sauti ndogo inayopiga kelele kwa Kiha, na nyuma ya sauti hiyo wanawake wengi wanapiga kelele pamoja. Hakuelewa neno hata moja. Akaibana simu sikioni mpaka ikamuuma.

"Wanatupa saruji," Yunisi akasema. Kisha: "Imeingia maji." Kisha akasahau kutafsiri, akawa anaitikia tu kwa Kiha. Mwasiti akakaa pale pale ukingoni mwa maji, simu sikioni.

"Wameshika kamba," Yunisi akasema. "Wanawake wameingia majini mpaka kifuani, wameshika kamba. Wanamtoa mzee. Wanatoa... mtoto yuko juu ya kichwa cha mtu, mama Hasna, namsikia analia. Msikie! Analia!"

Mwasiti hakumsikia. Khalfani ndiye aliyeichukua simu, akauliza mara tatu kama Hasna ametoka, na mara ya tatu ndipo alipokaa chini naye, palepale kwenye maji, na suruali yake ya kazini.

Abiria kumi na wanne walitoka wote. Mzee alivunjika mkono. Saruji yote na magodoro viliondoka, na boti ilipasuka ubavu.

Hata adhuhuri haijaadhiniwa, habari ilishafika Ujiji, na ilifika imepambwa. Uani kwa Mwasiti hapakuwa na pa kukanyaga. Mama Hasna ameokoa watu kumi na wanne! Mama Hasna ameona hatari kwenye TV yake akawaita kwa simu! Alphonce naye akaja, akasema jioni atalipitisha hilo kwenye chaneli yake, jina kwa herufi kubwa. Mwasiti alikaa kwenye mkeka katikati yao, na kila aliyempa mkono alihisi anampa kaa la moto.

Ndipo Hasna akapiga, kwa simu ya Skolastika. Khalfani akaweka sauti kubwa, watu wakanyamaza.

"Mama, tumefika salama. Mtoto amekunywa maji kidogo tu, ameshatapika. Mama, huku wote wanasema wewe ndiye uliyetuokoa."

Khalfani akamkonyeza mkewe. Acha hivyo hivyo, jicho lilisema. Mtoto ametoka majini sasa hivi, ya nini kumwongezea?

"Sikuwaokoa," Mwasiti akasema. "Mimi ndiye niliyewatuma. Ile hali ya hewa haikuwa ya leo, Hasna. Ilikuwa ya Idd ya mwaka juzi. Sikuisikiliza mpaka mwisho, na nikamzuia Elikana kwenda kuuliza Kibirizi."

Kutoka Mtanga yalisikika mawimbi tu. Kisha ikaja sauti ya kiume, nzito.

"Mama."

"Naam, baba Elikana."

"Kibirizi ningesikia."

"Ungesikia."

"Ndiyo," Elikana akasema, akairudisha simu.

Watu wakaanza kuaga mmoja mmoja. Alphonce alikuwa wa mwisho, akasimama kidogo mlangoni, akaondoka bila kusema habari ya waya.

Upepo ulivuma Alhamisi yote na Ijumaa yote, Hasna na mtoto bado wako Mtanga. Jumamosi asubuhi ziwa likalala. Mwasiti akapanda bodaboda mpaka bandarini, akasimama mbele ya ubao, akasoma kwanza tarehe, akamwuliza mlinzi leo ni tarehe ngapi, akasoma tena. Kisha akampigia binti yake.

"Hasna, niko bandarini mwenyewe. Nimesoma kwa macho yangu. Leo ni salama. Panda boti yoyote itakayopita hapo, mtafika mchana."

"Asante, mama. Tutaondoka kesho."

"Kesho kwa nini? Leo ndiyo kumetulia."

"Nimewauliza wavuvi wa huku. Wengine wanasema leo, wengine kesho. Nimeamua kesho."

Mwasiti akafungua mdomo. Siku ya kumrudisha mzazi anaipanga mama yake, hilo kila mtu anajua, na wala si neno la kukumbushana. Akautazama ubao mbele yake, tarehe ipo, mhuri upo, kila kitu ni cha leo. Akaufunga mdomo.

"Mtoto ananyonya?" akauliza.

"Ananyonya, mama," Hasna akasema.